Mchango, kuchangia (katika programu huria)

mchango *nm* mi- [u-/i-]. Changia *kt ele*

Katika uwanja wa programu huria, mchango ni kazi yoyote ambayo mtu huipeleka kwenye mradi ili iwe sehemu yake: msimbo mpya, marekebisho ya hitilafu, mwongozo wa matumizi au tafsiri. Maana hii imetokana na ile ya zamani, ya kila mtu kutoa chake ili shughuli ya wote ifanyike, kama katika harusi au msiba. Maana hizo mbili, hata hivyo, hazilingani kikamilifu.

Fedha ya harusi humtoka mtoaji, msimbo haumtoki. Katika Linux, mradi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hakimiliki ya mchango hubaki kwa aliyeuandika au kwa mwajiri wake, na kila mchango huambatana na tamko la mchangiaji kwamba ana haki ya kuutoa chini ya leseni ya mradi. Kutoa hapa ni kuruhusu, si kukabidhi, ingawa ipo miradi mingine inayotaka kukabidhiwa hakimiliki. Ndiyo maana *sadaka* na *zawadi* hazifai kuwa visawe.

Tena, ni nadra mchango wa harusi kukataliwa, ilhali wa programu hukataliwa mara nyingi. Msimamizi huusoma, huurudisha ukiwa na maswali, na huenda asiupokee kamwe. Inafaa basi kutenganisha *kuwasilisha* na *kuchangia*:

*Amewasilisha kiraka* (bado kinakaguliwa).
*Amechangia kiraka* (kimekubaliwa).

*Kiraka* ni neno zuri kwa marekebisho madogo ya msimbo, mradi ikumbukwe kwamba katika kurasa za michezo za Tanzania kiraka ni mchezaji anayemudu nafasi nyingi uwanjani.

Kisarufi, kiambishi *-i-* cha *changia* tayari kinabeba dhana ya "kwa ajili ya". Husemwa *kuchangia mradi*. *Kuchangia kwenye mradi* husikika sana, lakini kihusishi hicho hakiongezi kitu. Kitu kinachotolewa nacho huweza kuwa yambwa, kama katika *kuchangia damu*. Hivyo *kuchangia msimbo* ni sahihi. Tahadhari kubwa ni kwamba *changia* pia humaanisha kuwa miongoni mwa sababu za jambo: *uzembe ulichangia ajali*. Sentensi *Amina amechangia hitilafu tatu*, iliyokusudiwa kumsifu aliyezigundua, humtia hatiani. Iandikwe *ameripoti hitilafu tatu*.

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, mlango wa kuingilia miradi hii ni tafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ugumu wa kazi hiyo hauko katika istilahi peke yake, bali pia katika upatanisho wa kisarufi. Mfasiri hupewa ujumbe wenye nafasi tupu, *%s*, ambayo kompyuta itaijaza baadaye. Akiandika *%s imefutwa*, nafasi ikijazwa jina la mtumiaji, skrini itasema *Juma imefutwa*. Kiingereza hakikumbani na tatizo hili, kwa hiyo mwandishi wa programu huenda asilifikirie kabisa. Dawa ni kutaja nomino ndani ya ujumbe: *Akaunti ya %s imefutwa*. Akaunti ndiyo itakayotawala kitenzi, jina lolote liwalo.

Mfuatano wa maneno nao huleta kasoro. Ujumbe uliojengwa kwa kutanguliza tarakimu hugeuzwa kuwa *3 mafaili*. Mfasiri ana ruhusa ya kuihamisha tarakimu, naye aandike *mafaili 3*. Hata hapo, wako wanaosema *faili limefutwa* na wanaosema *faili imefutwa*. Wachangiaji wasipoafikiana mapema, matumizi yote mawili hukutana katika dirisha moja.