Nani Atatuchomelea Alumini? Historia Fupi ya Metali na Mafundi wa Mombasa

Leo sina programu mpya wala simu mpya ya kuwaeleza. Nina swali la historia. Inakuwaje mji ambao chuma chake kimetajwa vitabuni kwa karibu miaka 900 uwe na shida ya kumpata mtu wa kuunga bomba la alumini lenye unene wa kidole? Jibu nimelitafuta kwa miguu na kwa kusoma, na naona linatuhusu hata sisi wa kompyuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Ami yangu anaendesha teksi hapa kisiwani, gari dogo la Kijapani lililoshuka Kilindini likiwa limeshatumika. Mwezi wa Februari, joto limekaza, kiyoyozi kikafa. Abiria wanaoita teksi kwa simu wakiingia kwenye gari lisilo na baridi wanalalamika, nyota zinapungua, na nyota zikipungua simu haiiti. Kwa ami hiyo ni karo ya watoto, si starehe. Fundi wa viyoyozi kule Mwembe Tayari alipima akaliona tundu: bomba linalotoka kwenye kompresa limeliwa na chumvi, pale pale linapokazwa kwa bolti. "Hili halizibiki, tafuta jipya," akasema. Jipya halikuwepo madukani, na la kuagiza lilitaka wiki tatu na pesa ambazo ami hakuwa nazo. Fundi wa pili alitaka kulipaka gundi ya chuma. Wa tatu alitaka kulichoma kwa moto wa kukatia vyuma. Tukamshukuru, tukaondoka na bomba letu.

Gundi haifai kwa sababu moja tu. Upande huo wa kiyoyozi, siku ya joto, gesi husukuma kwa presha ya baa 15 na zaidi, yaani karibu mara saba ya presha ya tairi la gari dogo. Tena bomba linatikisika na injini siku nzima. Lazima metali ishikane na metali.

KILA METALI NA FUNDI WAKE

Tuanze nyuma kidogo. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 akiwa kwa mfalme Roger II wa Sicily, aliitaja pwani hii ya Malindi na Mombasa kwa chuma chake. Mhunzi alikuwepo, na njia yake ya kuunga ilikuwa kupasha vipande viwili moto hadi viwe vyeupe kisha kuvipiga nyundo vikawa kimoja. Lakini angalia: mitepe, vile vyombo vya kale vya baharini, vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Watu walikuwa na chuma, ila kuunga kwa kamba kulifaa kazi ile. Namna ya kuunga hufuata kitu kinachoungwa.

Metali nyingine zilikuja kwa bahari, na lugha yetu imeweka kumbukumbu. "Sonara" ni neno la Kihindi. "Lehemu" ni neno la Kiarabu, shina moja na neno lao la nyama, kana kwamba kulehemu ni kulifanya jeraha lishikane. "Sufuria" nayo ina asili ya neno la Kiarabu la shaba, ingawa sufuria ya leo jikoni kwako ni ya alumini. Shaba ilipata mafundi hodari hasa. Nenda Lamu ukaitazame siwa, ile baragumu kubwa ya shaba iliyo kwenye jumba la makumbusho.

Kisha likaja reli. Ujenzi ulianza hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na waliletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wakiwemo wahunzi na mafundi mitambo. Chuma cha wakati ule kiliungwa kwa ribiti: toboa, pitisha, gonga. Moto wa gesi ya asetilini na oksijeni ulianza kutumika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kuchomea kwa rodi na umeme kukaenea baadaye. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaonyesha wakubwa kwamba uchumi wa mafundi wa mitaani ni uchumi kweli, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa kuendeleza jua kali. Kufikia hapo mafundi walishajua hata kujitengenezea mashine za kuchomea, wakisuka waya wa shaba kwa mkono hadi transfoma ikatoka. Ndiyo maana leo geti, kitanda au chesi ya lori haikosi mtu wa kuichoma, ukiwa Bondeni au Majengo.

Sasa mbona mafundi hawa hawa waliogopa bomba la ami?

METALI YENYE NGOZI

Alumini ni mgeni. Mwaka 1884 Wamarekani waliweka ncha ya alumini juu ya mnara wa Washington kwa kuwa ilikuwa bado metali ya fahari. Miaka miwili baadaye, 1886, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja bila habari ya mwenzake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme, na bei ikaporomoka. Wote wawili walizaliwa 1863, yaani walikuwa vijana kuliko mimi ninayeandika haya!

Tatizo la kuiunga ni ngozi yake. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi ile huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo ukipasha moto, ndani kunakuwa maji na nje bado kuna mfuko. Vipande viwili vimeyeyuka, vimekaa ubavu kwa ubavu, na havishikani. Chuma hukuonya kwa kuwa chekundu kabla hakijayeyuka. Alumini hubaki na rangi ile ile kisha inaanguka chini ghafla. Na joto hukimbia ndani yake haraka, hivyo ukichoma hapa unaharibu kule. Fundi wa tatu angelipiga bomba kwa moto wake, tungerudi nyumbani na tone.

Na hapa ndipo historia yetu ilipoacha pengo. Alumini ilitufikia kama sufuria, na sufuria haiungwi, hukandamizwa kutoka kwenye bati moja. Ikitoboka na kuchakaa inauzwa kwa kilo, inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu ya mchanga na kuwa kitu kingine. Tumejua kuikandamiza na kuimimina vizuri kabisa. Kuiunga hakukuwa na aliyeagiza.

NDEGE, GESI MVIVU NA UMEME UNAOGEUKA

Waliohitaji kuunga metali nyepesi walikuwa watengenezaji wa ndege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Russell Meredith wa kampuni ya Northrop kule California alitafuta njia ya kuunga magnesiamu, na hataza yake ilitoka Februari 1942. Alitumia ncha ya tangisteni, metali isiyoyeyuka hadi nyuzi 3,400 hivi, akawasha cheche kati yake na kazi, na kuzunguka moto huo akapuliza heliamu ili hewa isikaribie. Heliamu baadaye ikaachia nafasi agoni mahali pengi. Agoni iligunduliwa mwaka 1894 na ni karibu asilimia moja ya hewa unayovuta sasa hivi. Jina lake kwa Kigiriki ni "mvivu", kwa sababu haishirikiani na chochote. Uvivu wake ndio kazi yake.

Kuhusu ngozi, dawa ni umeme unaogeuka mwelekeo, kama ule wa stima ya nyumbani unaozunguka mara 50 kwa sekunde. Ukienda upande mmoja unapasua ngozi ya oksidi, ukienda upande wa pili unayeyusha alumini. Wadau wa kompyuta, hicho ni kitanzi chenye hatua mbili: safisha, yeyusha, rudia. Mashine za zamani zilikuwa kabati zito la transfoma. Tangu vifaa vya kielektroniki vya kukata umeme mkubwa vilipoboreshwa, kuanzia miaka ya 1980, mashine imekuwa sanduku la kubebwa mkononi, na fundi anachagua kwa kitufe muda wa kusafisha na muda wa kuyeyusha. Ndani mna programu. Kuna mwenzetu aliyeiandika.

Kiyoyozi cha gari nacho kina safari yake. Packard ya Marekani ilikitangaza mwaka 1939. Kwa miongo mingi kilitumia gesi ya R-12, hadi Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipoanza kuiondoa kwa kuwa inatoboa tabaka la ozoni. Katika miaka ya 1990 magari yakahamia R-134a. Hiyo haitoboi ozoni, lakini kilo moja hupasha dunia joto mara 1,300 na zaidi kuliko kilo ya kaboni dioksidi, na ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016, hapa jirani mjini Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za aina yake. Kwa hiyo kila fundi anayejaza gesi kwenye bomba lenye tundu anachoma pesa ya mteja na anaongeza joto lile lile analolikimbia.

MTUNGI UNAKUONYESHA NJIA

Aliyetufungulia njia alikuwa sonara wa Mji wa Kale, mzee mwenye duka dogo karibu na Ndia Kuu. Nilimpelekea kwa sababu anaunga vitu vidogo. Aliligeuza bomba mara mbili akacheka. "Mwanangu, hata fedha ina ngozi, mimi naitoa kwa boraksi. Hii ngozi yake si ya boraksi. Hii yataka agoni. Usimtafute fundi, utafute mtungi."

Maneno hayo yalimaliza kazi. Agoni haiji yenyewe. Kuna anayeiuza na kuna anayeinunua. Tulienda kwa muuza gesi za viwandani, tukauliza ni nani kisiwani anayejaza agoni mara kwa mara. Tukaelekezwa Shimanzi, nyuma ya maghala, kwa fundi ambaye hajawahi kufungua duka la viyoyozi vya magari. Kazi yake ni makontena ya baridi, yale yanayobeba samaki na parachichi kupitia Kilindini. Sakafu ya kontena la baridi ni ya alumini, na ikipasuka haingoji kalibu ya mchanga. Lazima iungwe pale pale. Ujuzi wa ndege za California uliingia Mombasa kwa mlango wa bandari, ukakaa nusu saa kwa miguu kutoka kwa madereva waliokuwa wakiuhitaji, na hakuna aliyewaambia.

Fundi alitoa oringi, akafunga kitambaa kibichi kwenye sehemu ya mpira, akaosha mafuta ya kompresa, akasugua kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haigusi kitu kingine ila alumini. Akakata sehemu iliyooza, akajaza kwa waya wa alumini wenye silikoni asilimia 5 hivi. "Dakika moja ya moto, nusu saa ya kusafisha," alisema ami alipoona haamini. Kisha akajaza naitrojeni, akapaka maji ya sabuni. Hakuna povu. Shilingi 3,000. Jioni ile Mwembe Tayari walivuta hewa, wakajaza gesi, na kesho yake ami alikuwa barabarani.

Mimi hapa nimejifunza kwamba bidhaa hufika kabla ya ujuzi wa kuitengeneza. Bandari inashusha magari yenye alumini kila wiki, lakini ujuzi wa kuunga alumini huja na kazi nyingine kabisa, kisha unakaa kichwani kwa watu wachache. Hakuna injini ya kutafutia iliyonipa jibu, sonara ndiye aliyenipa. Mtu akikwambia "halizibiki", mara nyingi maana yake ni kwamba yeye hana kifaa chake. Uliza kazi hiyo inahitaji nini kisichopatikana kila mahali, kisha ufuate hicho. Ni vile vile tunavyofuata hitilafu ndani ya programu: tazama inategemea nini.

Na kama babu au mjomba wako alifanya kazi kwenye karakana za bandari au za reli, kaa naye wiki hii umuulize aliunga nini na kwa mashine gani, uandike. Mafundi wanazeeka na hawaachi mwongozo nyuma. Ami ananiuliza kama kontena la baridi lina lolote la kufaa breki zake... hiyo tuiache siku nyingine. Maoni karibuni.