Vijana Hawaji Mkutanoni? Ulizeni Geti la Kasarani

Wasee, leo tuongee kuhusu mikutano. Zile za hoteli kubwa, wataalamu wamevaa kadi shingoni, na kwenye ratiba kuna nusu saa imeandikwa "Vijana". Kila mara waandalizi wanauliza: mbona vijana hawaji, na wakija mbona wanaangalia simu tu? Jibu liko kwa historia ya mji wetu, na si historia ya zamani sana.

Januari 2007, Nairobi ilipokea World Social Forum, kongamano la wanaharakati na mashirika kutoka dunia nzima. Kauli yao ilikuwa kwamba dunia nyingine inawezekana. Tarehe 20, maandamano ya ufunguzi yalianzia Kibera hadi Uhuru Park. Mpaka hapo, fiti.

Lakini mikutano yenyewe ilikuwa Kasarani, upande ule mwingine wa mji, na Mkenya alitakiwa kulipa shilingi 500 ndio aingie. Hebu piga hesabu ya msee wa Kibera au Kawangware: matatu mpaka tao, matatu nyingine mpaka Kasarani, nauli ya kurudi, kisha hiyo 500. Chakula ndani nacho kilikuwa bei ya juu. Mada ni umaskini, na maskini wako nje ya geti.

Watu wa mitaa hawakukubali. Walipiga kelele pale getini hadi wakaruhusiwa kuingia bila kulipa. Bunge la Mwananchi nalo likaandaa kongamano lake Jeevanjee, katikati ya tao, bila kiingilio. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba watu wetu hawapendi mikutano. Walipigania kuingia.

Miaka 2 baadaye, 2009, kitu tofauti kikatokea Kibera. Kwenye ramani za intaneti, mtaa mzima ulikuwa karibu doa tupu, licha ya maelfu ya watu kuishi hapo. Mradi wa Map Kibera ukawapa vijana wa mtaa vifaa vya GPS na mafunzo mafupi. Wakatembea kijiji kwa kijiji, Kianda, Gatwekera, Makina, Laini Saba, wakiweka alama kwa kila bomba la maji, choo, kliniki na shule. Kazi yao ikaingia OpenStreetMap, ikaonekana dunia nzima.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uone. Kasarani, kijana aliomba kuingia. Kwa ramani, kijana ndiye alikuwa na kitu ambacho wataalamu hawakuwa nacho. Ukiwa na kitu ambacho mkutano unahitaji, huombi kiti.

2010, iHub ikafunguliwa Ngong Road, jengo la Bishop Magua. Ukitoka Kibera unafika kwa miguu, na Kawangware si mbali. Kulikuwa na intaneti, meza, na hafla nyingi bila kiingilio. Geti la pesa lilipungua. Lakini geti linaweza pia kuwa Kizungu cha kitaalamu, au laptopu ambayo huna. Unaweza kuingia bure na bado ukabaki mgeni.

Halafu ikaja 2024. Vijana walichambua Mswada wa Fedha kwenye X Spaces usiku kucha, bila ukumbi, bila kadi, bila chai ya saa nne. Tarehe 5 Julai, rais mwenyewe akaingia X Spaces kuulizwa maswali. Kwa mara moja, mkubwa ndiye alifuata vijana walipo.

Mimi ni wa Kawangware na niliacha chuo. Kwa fomu za kujisajili, pale pa "taasisi" sina cha kuandika. Mwaka jana nilialikwa mkutano mmoja kuhusu ajira ya vijana. Nikapewa tishati na dakika 3 baada ya chakula cha mchana. Mapendekezo ya mkutano yalikuwa tayari kwa meza, yamechapishwa na kupigwa pini, kabla sijafungua mdomo. Sasa hapo unataka nisiangalie simu?

Waandalizi, acheni kututafutia MC mchangamfu na DJ. Tuiteni wakati ratiba inapangwa. Lipeni nauli siku hiyohiyo, si "tutawatumia". Na mapendekezo myaandike tukishaongea.

Na wewe msee wa mtaa, usiende mikono mitupu. Hesabu taa za barabara ambazo haziwaki kutoka Stage 2 mpaka Gatina. Andika bei ya mtungi wa maji kwa plot yenu, wiki kwa wiki, mwezi mzima. Siku wataalamu wakikutana kuongea kuhusu Kawangware, watatafuta hizo namba, na wewe ndiye utakuwa nazo.