Nyota ya Przybylski

Nyota ya Przybylski (tamka Pshibilski), yenye namba HD 101065, iko katika kundi la Kantarusi, miaka-nuru 355 hivi kutoka kwetu. Mwangaza wake ni wa daraja la 8, kwa hiyo macho matupu hayaipati. Mkazi wa Umoja au Buruburu, Nairobi, anayeitaka na aangalie kusini, upande wa Pipeline, saa tatu usiku mwishoni mwa Aprili: iko juu ya Salibu, kulia kidogo, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Atahitaji darubini, na bahati pia. Huo ni msimu wa masika, na hata mawingu yakiachia, taa za mulika mwizi huwa zimeshameza nyota ndogo zote za Eastlands.

Jina ni la Antoni Przybylski, mwanaastronomia Mpolandi aliyefanya kazi Mount Stromlo, Australia. Mwaka 1961 alitangaza nyota ambayo spektra yake haikufanana na nyingine. Mistari ya chuma, ambayo kwa kawaida hujaa tele, ilikuwa hafifu mno. Palipotarajiwa chuma palisongamana holmi, disprosi na neodimi, jamii ya yale madini adimu yaliyokipa umaarufu kilima cha Mrima huko Kwale.

Utajiri huo ni wa ngozi tu. Usumaku wa gausi 2,300 hivi huituliza gesi ya juu isitokote. Mchuzi usiokorogwa hujitenga, mafuta juu na nyanya chini. Nyotani kinachotenga ni mwanga. Atomi zinazoufyonza kwa wingi husukumwa juu, nyingine huzama kwa uzito wao. Mwaka 2004 watafiti walidai kuona hata promethi, ambayo isotopu yake inayodumu kuliko zote hupungua nusu kwa miaka 17.7 tu. Dai hilo ni la kupokewa kwa tahadhari: mistari imebanana kiasi kwamba ni rahisi kuipa elementi moja mstari wa nyingine. Hadithi za viumbe wageni kumwaga taka za nyuklia humo hazina ushahidi.

Mwaka 1978 mwanaastronomia Don Kurtz, akiwa Afrika Kusini, aligundua kuwa nyota hii hupwita kila baada ya dakika 12.15, mwanga ukibadilika kwa karibu asilimia 1. Ikawa ya kwanza kujulikana kati ya nyota za Ap (zenye kemia ya ajabu) zenye mpwito wa haraka. Kinachoitikisa ni mawimbi ya sauti, na mhimili wa mpwito hufuata ncha za sumaku, si za mzunguko. Kwa nyota nyingine za aina hii ncha hutugeukia na kutupa kisogo, mpwito ukipanda na kushuka. Hii imekadiriwa kujizungusha mara moja kwa miaka 188 hivi, kwa hiyo tangu ugunduzi wa Kurtz imegeuka karibu robo ya mzunguko tu. Neodimi, iliyo juu, huyumba kwa kasi kubwa. Chuma, kilicho chini, hutikisika kidogo. Kwa kulinganisha mistari yao, wanaastronomia hufuatilia wimbi moja likipanda tabaka kwa tabaka.