Databesi haijifagii bure: PostgreSQL na takataka zake

Nilipokuwa mgeni kazini, simu iliniamsha saa tisa usiku: diski ya seva imejaa. Mhalifu alikuwa jedwali la ujumbe unaongoja kutumwa. Lilikuwa na mistari elfu chache tu, lakini limekula gigabaiti 180. Kuna mtu aliyekuwa amezima ufagiaji wa kujiendesha, eti unachelewesha mfumo. Mtu huyo ni mimi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1970, Edgar F. Codd wa IBM alichapisha makala iliyoweka msingi wa databesi za majedwali. Alitaka anayetumia data asilazimike kujua imepangwaje ndani ya mashine. Kwa mtumiaji, hilo lilitimia. Kazi ya kupanga lakini haikutoweka, aliachiwa msimamizi.

Mwaka 1986, Michael Stonebraker na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza mradi wa POSTGRES. Waliamua hivi: ukibadilisha mstari, ule wa zamani haufutwi, mpya unaandikwa mahali pengine. Walitaka historia ya data ibaki. Baadaye wazo hilo la historia liliondolewa, lakini mistari mizee ikapata kazi nyingine. Tangu toleo 6.5 la mwaka 1999, kila mtu husoma nakala inayomfaa, hivyo anayesoma hamzuii anayeandika.

Raha hiyo ina bili yake: lazima mtu afagie mizoga. Amri ya kufagia ni VACUUM, na zamani ilifunga jedwali zima ikiwa kazini. Wasimamizi waliipangia usiku wa manane. Sasa tovuti isiyolala ingefanyaje? Jibu lilikuja mwaka 2002 na toleo 7.2: VACUUM isiyofunga jedwali. Kwa kawaida hii hairudishi nafasi kwa mfumo wa uendeshaji. Huiwekea alama tu ili itumike tena.

Hata hivyo msimamizi alibaki akikisia. Kulikuwa na kipimo kiitwacho max_fsm_pages, yaani ukubwa wa daftari la nafasi tupu. Ukikisia kidogo, nafasi zinasahaulika na faili zinanenepa. Kipimo hicho kiliondolewa katika toleo 8.4, mwaka 2009.

Na mfagizi mwenyewe? Mwaka 2003, katika toleo 7.4, alikuwa programu ya pembeni. Mwaka 2005, toleo 8.1, aliingizwa ndani lakini akiwa amezimwa. Mwaka 2008, toleo 8.3, akawashwa tangu mwanzo. Hata ukimzima, PostgreSQL humwamsha kwa lazima namba za miamala, ambazo ni za biti 32, zinapokaribia kuzunguka na kuanza upya.

Usiku ule namba hazikuwa zimefika huko, kwa hiyo hakuna aliyeniokoa. Nilifuta faili za zamani nipate pumzi, nikasimamisha huduma, nikaendesha VACUUM FULL, ambayo huandika jedwali upya. Likarudi megabaiti chache.

Je, databesi inahitaji usimamizi kiasi gani? Kidogo kuliko zamani, ila si sufuri. Fungua pg_stat_user_tables, utazame safu ya n_dead_tup. Mizoga ikizidi mistari iliyo hai, mwongezee mfagizi kasi. Usimfukuze kazi kama nilivyofanya mimi.