L'Illustration na Picha ya Mwisho wa Vita

Mapatano ya kusitisha mapigano kati ya Ujerumani na nchi za Muungano yalitiwa saini kabla ya mapambazuko ya Jumatatu, tarehe 11 Novemba 1918, ndani ya behewa la reli lililosimamishwa katika msitu wa Compiègne, kaskazini mwa Paris, na yakaanza kutekelezwa saa tano asubuhi hiyo. Magazeti ya kila siku yaliiwahi habari hiyo. Jarida la L'Illustration, lililotoka kila Jumamosi, liliifikia wakati ambapo kengele za makanisa zilikuwa zimekwisha kulia na hapakuwa na Mfaransa aliyehitaji kuambiwa kwamba vita vimekoma. Kuchelewa huko ndiko kunakoeleza umbo la matoleo yake ya ushindi, ambayo hayakukusudiwa kupasha habari bali kuhifadhiwa, kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hilo, watu wa tabaka la kati na la juu, walikuwa na desturi ya kuyajalidi matoleo ya nusu mwaka kuwa kitabu kimoja na kuyaweka rafuni.

Jarida hilo lilianzishwa Paris mwaka 1843, wakati picha za magazeti zilipochongwa kwanza kwenye vibao vya mbao ndipo zipigwe chapa, likaanza kuchapisha picha za kamera mwaka 1891 na za rangi mwaka 1907. Hata hivyo, vita vilipoanza mwaka 1914 halikuwaacha wachoraji wake, miongoni mwao Georges Scott na François Flameng, na uamuzi huo haukuwa wa kizamani kama unavyoweza kudhaniwa, kwa sababu kamera haikufika kila mahali. Mfano mkubwa ni behewa lenyewe: tendo la kutia saini halikupigwa picha, na picha mashuhuri iliyobaki inamwonyesha Jemadari Foch, kamanda mkuu wa majeshi ya Muungano, na wenzake wakiwa nje, kando ya behewa, kazi ikiwa imekwisha. Sura ya meza, karatasi na wajumbe wa pande mbili wakitazamana, ambayo vizazi vilivyofuata viliizoea kana kwamba viliiona, ni kazi ya brashi na kalamu.

Furaha ya matoleo hayo ya ushindi nayo ilipita chini ya mkasi. Udhibiti wa magazeti, yaani ukaguzi wa serikali wa kila ukurasa kabla ya kuchapishwa, ambao Wafaransa waliubandika jina la Anastasie na kuuchora kama bibi kizee mwenye mkasi mkubwa, uliendelea hadi mwaka 1919. Umati uliofurika barabarani uliweza kuonyeshwa bila shida. Maiti za Wafaransa zilikuwa jambo jingine, ingawa nchi ilikuwa imepoteza askari wapatao 1,400,000.

Wala mwisho ulioshangiliwa Paris haukuwa mwisho wa kila mahali. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, alipata habari za mapatano siku chache baadaye, na hakusalimisha silaha mpaka tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa na askari na wapagazi Waafrika ambao nyuso zao hazikuwa na nafasi katika sherehe za Ulaya.

Mwaka 1940 Hitler aliamuru behewa lilelile lirudishwe mahali pale pale ili Ufaransa nayo itie saini ya kushindwa. L'Illustration iliendelea kutoka chini ya ukaliaji wa Wajerumani, kurasa zake za siasa zikiunga mkono ushirikiano na wavamizi, na Paris ilipokombolewa mwezi Agosti 1944 ikakoma. Vita Kuu vya Pili vilipomalizika Ulaya mwezi Mei 1945, jarida lililokuwa limetunza kumbukumbu za ushindi wa 1918 halikuwa na toleo la kuchapisha.