Furaha ya Mgonjwa na Fedha za Utafiti: Matangazo ya Redio kutoka Wadi ya Watoto, Boston, Mei 1948

Tarehe 22 Mei 1948, kipindi cha redio Truth or Consequences, kilichoongozwa na Ralph Edwards kutoka Hollywood, kiliunganishwa na chumba kimoja cha hospitali ya watoto jijini Boston, Marekani. Humo alilazwa mvulana wa miaka 12 mwenye saratani ya utumbo, mgonjwa wa Daktari Sidney Farber, ambaye kwa ajili ya matangazo alipewa jina la Jimmy. Edwards alimwuliza ni wachezaji gani wa timu ya besiboli ya Boston Braves aliowapenda, na wachezaji wenyewe wakaanza kuingia chumbani. Walimletea mavazi ya timu, mipira na magongo, kisha wakaimba pamoja naye.

Sehemu hiyo ndiyo inayosimuliwa mara nyingi. Iliyo nzito zaidi ilifuata baada ya mvulana kuondolewa hewani, pale Edwards alipowaarifu wasikilizaji kwamba mtoto huyo ana saratani na kwamba mwenyewe hajui. Akawaomba wachangie: zikipatikana dola 20,000 za utafiti, Jimmy angepewa televisheni aitazame timu yake. Taifa zima, basi, lilitangaziwa ugonjwa ambao mwenye nao alifichwa. Ni kweli kwamba madaktari wa enzi hiyo waliwaficha hata watu wazima. Lakini hapa ukimya uligeuka kuwa sharti la furaha yenyewe, na furaha ikawa njia ya kukusanya fedha.

Hata hivyo, kudai kwamba mtoto alitumiwa tu ni kuipuuza hali ya wadi. Matokeo ya dawa ya aminopterini, aliyoyachapisha Farber Juni 1948, yalihusu watoto 16 wenye saratani kali ya damu. Kumi kati yao walipata nafuu, na kichwa cha makala hiyo kilikiri wazi kwamba nafuu ilikuwa ya muda. Utafiti usingeweza kuendelea bila fedha. Mfuko wa kuuchangia ulikuwa umeanzishwa mwaka 1947 na Klabu ya Variety ya New England, yaani watu wa sinema na maonyesho, waliojua kuvuta hadhira. Na hadhira ilihitaji mtoto mmoja wa kumfikiria. Kabla ya mwaka 1948 kwisha, zilikuwa zimekusanywa zaidi ya dola 231,000. Televisheni nayo ilifika.

Jengo la matibabu na utafiti lililofunguliwa mwaka 1952 lilipewa jina la Jimmy. Braves walipohamia Milwaukee mwaka 1953, Red Sox waliirithi kazi ya kuuchangia mfuko huo. Jimmy mwenyewe hakuonekana tena, na wengi walidhani alikwisha kufariki, kama walivyofariki watoto wengi wa wadi ile. Mwaka 1998 alijitokeza hadharani, mtu wa miaka zaidi ya 60. Jina la bandia lililomkinga utotoni lilikuwa limewazuia waliomchangia kujua kwamba alipona.