Mbizi ya Matema Inahesabiwaje?

Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema wilayani Kyela, ndiko mitumbwi inakoshusha vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Nyuma ya soko hilo la vyungu Milima ya Livingstone imesimama wima, na miamba yake inashuka hadi ndani ya Ziwa Nyasa. Mzamiaji akiingia hapo na mtungi wa hewa mgongoni, haendi mbali kabla ya kukutana na mbuna, samaki wadogo wa rangi kali wanaokwangua mwani kwenye mawe.

Akitoka majini, anafungua daftari lake na kuandika tarehe, kina na dakika. Je, mbizi hiyo imehesabika?

Wazamiaji wanajibishana juu ya swali hilo tangu skuba ilipokuwa mchezo wa watu wengi. Mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza nchini Ufaransa kifaa kinachompa mzamiaji hewa kadiri anavyovuta. Wateja waliongezeka, na wateja wakahitaji walimu na vyeti. Mwaka 1966 John Cronin na Ralph Erickson walianzisha shirika la mafunzo ya uzamiaji, PADI, nchini Marekani. Mwanafunzi wa cheti chao cha kwanza huzama mara nne nje ya bwawa, na kwa kipimo chao mbizi huhesabika ikiwa sehemu kubwa ya muda wake ni kuanzia mita 5 kwenda chini, na mzamiaji amekaa majini dakika 20 au ametumia lita 1,400 za hewa.

Kipimo hicho kina faida yake. Kinamzuia mtu kuchovya kichwa na kujiandikia mbizi ya kumi. Lakini hakiulizi maji yako wapi, na Ziwa Nyasa linadai swali hilo liulizwe.

Uso wa ziwa hili uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake inakandamiza kidogo kuliko ya Zanzibar, kwa hiyo mzamiaji anayepanda kutoka mita 18 anapaswa kutumia hesabu ya mita 19 hivi. Tena maji ni baridi, yaani hayana chumvi, na hayambebi mtu kama bahari: aliyefundishwa Unguja akija na vizito vyake vyote vya risasi kiunoni atazama kama jiwe, mpaka apunguze kilo mbili hivi.

PADI wanaanza kuhesabu mwinuko kwenye mita 300. Daktari Albert Bühlmann wa Zurich, aliyetumia miaka mingi kuchunguza uzamiaji katika maziwa ya milimani, aliweka jedwali lake la kwanza kuanzia mita 0 hadi 700. Mbizi ileile ya Matema, basi, ni ya mwinuko kwa kitabu kimoja na ni ya kawaida kwa kingine.

Hatari kubwa zaidi inamngoja mzamiaji barabarani. Nitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutaka muda kutoka. Mtu akipanda juu upesi, inageuka mapovu kwenye damu na viungo. Na kutoka Kyela gari linapanda Tukuyu, mita 1,500 hivi, kisha Mbeya, kama 1,700, kwa saa chache tu. Mwongozo wa wasafiri wa ndege baada ya kuzama unataka kusubiri angalau saa 12 kwa mbizi moja na 18 kwa mbizi za kurudia, na shinikizo la ndani ya ndege linafanana na la miinuko hiyo.

Daftari la Matema linastahili safu mbili zaidi: mwinuko wa ziwa, na saa ya kupanda gari. Aliyetoka majini saa kumi jioni baada ya mbizi mbili, basi la alfajiri kwenda Mbeya si lake. Asubiri la mchana.